Daktari wa Matende Aliyeuona Mnyauko wa Migomba

Mnyoo anayeleta matende na mabusha huku pwani anaitwa kitaalamu Wuchereria bancrofti. Neno la pili la jina hilo linatokana na Joseph Bancroft, daktari wa Kiingereza ambaye Desemba 1876, akiwa Brisbane, alimtoa mnyoo mzima wa aina hiyo kwenye jipu la mgonjwa wake. Mwaka uliofuata Thomas Cobbold wa London akautangazia ulimwengu habari hizo. Wachache wanajua kwamba mwaka huohuo wa 1876 Bancroft alitoa pia maelezo ya kwanza ya ugonjwa wa migomba unaoitwa leo mnyauko fuzari, au ugonjwa wa Panama.

Queensland ilikuwa koloni changa, limejitenga na New South Wales mwaka 1859. Bancroft alifika huko mwaka 1864, na udaktari haukumtosha. Alifungua shamba la majaribio Deception Bay, akahangaika na ngano, mpunga na zabibu. Kwa hiyo migomba ya Eagle Farm, nje kidogo ya Brisbane, ilipoanza kunyauka mwaka 1874, si ajabu kwamba aliyeichunguza alikuwa tabibu wa watu.

Dalili zenyewe hazifichiki. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia ukingoni, vikonyo vyake huvunjika, kisha majani yote hulala kuzunguka shina. Ukilikata shina unakuta mirija imegeuka rangi ya kahawia iliyoiva wekundu. Kuvu iliyomo udongoni huingia kwa mizizi na kuiziba mirija hiyo, mgomba ukafa kwa kiu hata kama ardhi ina unyevu. Migomba iliyougua Eagle Farm ilikuwa ya aina iliyoitwa Sugar, ndizi ndogo tamu. Ila si kisukari chetu, ingawa majina yanakaribiana.

Kuieleza dalili ni jambo moja, kumtia mkosaji mbaroni ni jingine. Mtaalamu wa vijidudu Robert Koch alionyesha njia yake ya kuvitenga kwa kuviotesha kwenye chakula kigumu mwaka 1881 tu, miaka kadhaa baadaye. Lakini kwa maoni yangu kilichochelewesha uchunguzi zaidi ni pesa. Hasara ya wakulima wachache wa Brisbane haikumkosesha usingizi tajiri yeyote.

Mambo yalibadilika ugonjwa ulipoyavamia mashamba ya Panama na Costa Rica. Huko ilipandwa Gros Michel, ile ambayo Waganda huiita bogoya, kwa ajili ya soko la Marekani. Mgomba huo hauzai mbegu; hupandwa kwa chipukizi, hivyo shamba zima ni kama mmea mmoja uliorudiwa. Chipukizi linaweza kuonekana zima huku limebeba kuvu, na kuvu ikishaingia udongoni hudumu miongo. Kampuni ya United Fruit, iliyolima huko, ilikuwa na dawa yake: kuyaacha mashamba yaliyougua, kufyeka msitu mpya na kutandika reli nyingine. Dawa hiyo ilidumu hadi ardhi safi ilipoanza kuadimika.

Mwaka 1910 Erwin Smith wa Marekani alitoa kuvu kwenye vipande vya migomba iliyougua Cuba, akaiita Fusarium cubense. Hakuweza kumaliza kesi. Ni Elmer Brandes, aliyefanya kazi Puerto Rico, ndiye aliyethibitisha mwaka 1919 kwamba kuvu hiyo ndiyo chanzo. Tangu Eagle Farm ilikuwa imepita miaka 45, na Bancroft alikuwa amefariki mwaka 1894.

Wafanyabiashara waliishia kuitupa Gros Michel na kupanda Cavendish, iliyostahimili kuvu ile. Mgeni mwingine wa ukoo huohuo, anayeitwa TR4, haiogopi Cavendish. Mwaka 2013 aligunduliwa kwenye shamba kubwa la ndizi mkoani Nampula, Msumbiji. Kati ya Nampula na mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, kuna mkoa mmoja tu, Cabo Delgado.