WANA WA ZIWA TUSIOJUA KUPIGA KASIA

Leo nina jambo la kukiri. Nimekulia hapa Butimba, Mwanza. Ziwa nimeliona tangu nipate akili. Nimesoma hadi chuo kikuu, na gazetini nimeandika habari za ziwa hili mpaka nimechoka: bei ya sangara, uvuvi haramu, vivuko kuharibika. Lakini hadi mwaka huu nilikuwa sijawahi kushika kasia. Na sikuwa peke yangu.

Tulianza washkaji wanne, Jumamosi moja asubuhi. Mwalimu wetu ni mzee wa Kikerewe anayeweka mtumbwi wake mwaloni. Tukamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba wajukuu," kisha akatazama miguu yetu. "Vueni raba hizo. Halafu nani kati yenu anajua kuogelea?" Tukatazamana. Mmoja tu alinyoosha mkono, tena nusu nusu.

Basi siku hiyo hatukupanda mtumbwi. Tulifundishwa kuelea kwanza, maji ya kiunoni, huku watoto wa shule ya msingi wakitucheka. Jumamosi ya pili ndipo tukapanda, na mtumbwi ukazunguka palepale kama jiwe la kusagia, maana kila mtu alikuwa anapiga kasia kwa wakati wake. Jumamosi ya tatu mwenzetu akasimama ili apige picha. Tukaingia majini wote, na simu yake ikaenda kuishi na dagaa.

Wakati tunajikausha, babu akatuuliza shuleni tulifundishwa nini kuhusu ziwa. Tukamjibu kama tulivyokariri: liligunduliwa na Speke. Akauliza, "Huyo alivuka?"

Jamani, swali hilo lilinirudisha kwenye vitabu.

John Hanning Speke alifika Mwanza Agosti 1858, na tarehe 3 akaliona ziwa vizuri akiwa kilimani. Akalipa jina la malkia wa kwao, Victoria. Alikaa siku chache, akauliza maswali, kisha akarudi Kazeh, yaani Tabora ya leo, bila kulizunguka. Wenyeji walimweleza habari za Ukerewe. Walizijua kwa sababu walikuwa na safari zao za mitumbwi. Kwa hiyo jibu la swali la babu ni hapana, hakuvuka. Ndiyo maana kule London wakabaki wanabishana miaka mingi kama hili ni ziwa moja au maziwa kadhaa.

Ubishi huo ulimalizwa na Henry Morton Stanley. Mashua yake, Lady Alice, ilibebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo hadi Kageye, pwani ya Usukuma. Machi 1875 akaondoka na mabaharia 11, wakalizunguka ziwa kwa siku 57. Mshika usukani wake aliitwa Wadi Safeni. Nani kati yetu aliwahi kuulizwa jina hilo kwenye mtihani?

Na bado Stanley hakuweza kuvusha msafara wake wote kwenda Buganda kwa mashua hiyo moja. Alikwenda kumwomba Lukonge, mtawala wa Ukerewe, akapewa mitumbwi zaidi ya 20. Mzungu mwenye bunduki na mashua ya kisasa, alihitaji mitumbwi ya babu zake babu.

Upande wa pili wa ziwa, Kabaka Mutesa alikuwa na jeshi zima la majini. Mitumbwi ya Waganda ilitengenezwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, bila msumari hata mmoja, na mbele ikawekwa ncha ndefu iliyopambwa kwa pembe. Stanley alipima mmoja uliozidi mita 20. Sasa fikiria mafundi wa kuchonga mbao zile, kuzitoboa, kuzishona na kuziba nafasi maji yasipite. Kisha fikiria makumi ya wapiga kasia wanaokwenda mapigo sawa. Sisi wanne tulishindwa.

Hata dini ilipita njia hiyo hiyo. Padri Lourdel na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza Wakatoliki nchini Uganda, waliondoka Kageye kwa mtumbwi, wakatua Kigungu, karibu na Entebbe, tarehe 17 Februari 1879. Majina yao yameandikwa. Waliopiga makasia hawasikiki.

Baadaye reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, meli za moshi zikashika mizigo, na mwaka 1928 reli ikafika Mwanza. Mtumbwi ukaachiwa wavuvi. Polepole tukafundishwa kuuona kama kazi ya aliyeshindwa shule. Nakumbuka wazazi mtaani walivyotuambia, "Usiposoma utaishia mwaloni."

Nawaelewa. Ziwa linaua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Hapa mjini kuna familia nyingi ambazo mwezi Mei haupiti hivi hivi. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, watu 228 wakafa. Mzazi aliyeshuhudia hayo akimkataza mwanawe kusogelea maji, utamlaumu?

Lakini tazama na upande huu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia ziwani pale Bukoba, karibu na uwanja. Ndani walikuwamo watu 43, 24 wakaokolewa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ujuzi tuliofundishwa kuudharau ndio uliokuwa karibu siku hiyo.

Mimi sasa naona kumkataza mtoto maji hakumlindi, kama nyumba yenyewe iko ufukweni. Mwanangu atapanda kivuko tu, atapanda boti tu. Afadhali ajue kuelea, ajue kukaa chini mtumbwi unapoyumba, ajue kwamba usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani na mchana hugeuka. Babu anayajua yote hayo, na hakuna chuo kilichompa cheti.

Juni 2025 lilizinduliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza. Nimelipita kwa basi, dakika chache tu umevuka. Nilifurahi, nani asiyefurahi baada ya foleni zile za kivuko? Ila nilipochungulia dirishani niliona mtumbwi mmoja chini, watu wawili wakipiga kasia taratibu. Abiria wengine walikuwa wanapiga picha nguzo za daraja.

Jumamosi iliyopita tulifika hadi kwenye mawe na kurudi bila kuzunguka. Babu hakutusifu. Alisema tu, "Kesho kutwa njooni na kopo la kufulia maji, hili langu limetoboka."

Tutakwenda. Na wewe uliyezaliwa Igombe, Musoma, Bukoba au Kisumu, hebu sema ukweli: unajua kuogelea?