Akiba Nayo Huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Ni methali njema, wala sina nia ya kuwakosoa wazee. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kuliweka gari miezi kadhaa bila kulitumia anajua kwamba methali hiyo ina mpaka wake. Mahindi ya ghalani huliwa na dumuzi, fedha iliyofukiwa chini hupungua thamani, na betri ya gari iliyosahauliwa hufa kimya kimya bila kuwasha taa hata moja. Sisi wa Nyakahanga tulijifunza jambo hili katika miaka ya dhiki iliyofuata vita vya Kagera.

Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, yakaiteka ardhi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Karagwe haikutekwa, lakini njia yetu ya kwenda Bukoba ilipitia Kyaka, na Bukoba ndiko yalikotoka mafuta, chumvi, sabuni na vipuri. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kwa kazi ya vita. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, tulishangilia tukidhani kwamba shida imekwisha. Mwalimu Nyerere akatuomba tukaze mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ikapita, na mikanda ikaendelea kukazwa.

Vita peke yake haikuwa sababu. Bei ya mafuta duniani ilikwisha panda kati ya 1973 na 1974, kutoka kama dola 3 kwa pipa hadi karibu dola 12, ikapanda tena 1979 baada ya mapinduzi ya Iran. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977. Fedha za kigeni zilikuwa haba. Petroli ikawa ya kibali, na magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani siku ya Jumapili baada ya saa nane mchana. Kwetu Karagwe marufuku hiyo ilikuwa kama mzaha, kwa maana magari yetu yalikuwa yamelala hata Jumatatu.

Hapo ndipo tulipoanza kuona magari juu ya mawe. Mwenye gari alilipandisha kwa jeki, akapanga mawe au matofali chini ya ekseli, akavua matairi na kuyaficha ndani, maana tairi lilikuwa mali kuliko ng'ombe. Jirani zetu walifunika magari yao kwa majani makavu ya migomba, wakafunga milango, wakaingia nyumbani kusubiri nafuu. Kwao gari lilikuwa limepumzika. Baba yangu mkubwa, aliyekuwa na Land Rover kuukuu, hakukubaliana nao. Alizoea kusema kwamba gari halipumziki. Likiwa halitembei, linakufa polepole, na kazi ya mwenye nalo ni kulicheleweshea kifo.

Kazi yake ilianza kwenye betri. Kwanza aliitoa ndani ya gari, akianza kulegeza waya uliofungwa kwenye bodi, ili spana isije ikagusa chuma na kutoa cheche. Aliosha vumbi na ukungu wa tindikali uliokuwa juu yake, maana uchafu ule ukiwa na unyevu huwa njia ya umeme kupotea. Vichwa vya betri alivipaka mafuta ya mgando. Kisha aliiweka juu ya ubao kwenye chumba chenye ubaridi. Siku hizi hakuna ulazima wa ubao, kwa kuwa plastiki haipitishi umeme, lakini desturi hiyo ilianza zamani, makasha ya betri yalipokuwa dhaifu na yakivuja. Ubaridi, kwa upande wake, ni dawa ya kweli: joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, betri iliyokaa bure hupoteza chaji kwa kasi inayokaribia maradufu. Hali ya hewa ya nyanda za juu za Karagwe ilitusaidia bila sisi kujua.

Ndani ya betri ya gari mna seli 6, na kila moja hutoa kama volti 2. Ni uvumbuzi wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859, na hadi leo msingi wake haujabadilika: mabamba ya risasi ndani ya tindikali. Chaji inapopungua, mabamba huota chembe nyeupe. Betri ikichajiwa mapema, chembe hizo huyeyuka na kurudi katika tindikali. Ikiachwa hivyo miezi mingi, chembe huwa ngumu kama chokaa, na hapo chaji yoyote haitasaidia kitu. Kwa hiyo betri haifi kwa kutumiwa tu. Hufa pia kwa kuachwa na njaa.

Kila baada ya wiki 6 au 8 tuliifunga betri wima nyuma ya baiskeli na kuipeleka kwenye mashine ya kusaga, ambako fundi mmoja alikuwa ameunganisha dainamo kuukuu na mkanda wa injini. Malipo yalikuwa mkungu wa ndizi. Maji ya betri ya dukani hayakupatikana, kwa hiyo tulikinga mvua uwanjani katika beseni safi, mbali na bati, baada ya manyunyu ya kwanza kusafisha vumbi la hewani. Mimi nilikuwa msukuma baiskeli, na kaptula yangu ya shule ilitoboka matundu ya tindikali.

Watu walituuliza kwa nini tujitaabishe hivyo, ilhali Land Rover ina hendeli ya kuwashia kwa mkono. Hendeli huzungusha injini, lakini cheche za plagi hutoka betrini. Betri ikiwa imekufa kabisa, utazungusha hadi jua lizame.

Yaliyobaki yalikuwa madogo lakini ya lazima. Breki ya mkono iliachwa wazi isije ikagandamana. Ekzosi ilizibwa kwa kitambaa ili nyigu wasijenge humo. Petroli nayo huharibika ikikaa, ikaacha utando katika kabureta. Baba mkubwa alikuwa na lita 5 tu za akiba, na kila baada ya miezi michache alimpa mwinjilisti mwenye pikipiki, naye alipopata mgao wake alirudisha lita 5 mpya.

Usiku mmoja wa masika ya 1982 walikuja watu kugonga mlango. Mke wa jirani alikuwa na uchungu tangu asubuhi, na machela isingefika hospitali ya Nyakahanga kwa wakati katika tope lile. Matairi yalirudishwa kwa mwanga wa koroboi, betri ikafungwa, na injini ikakubali kwa mara ya pili. Mama na mtoto wote walipona. Magari mengine mawili yalikuwa karibu zaidi na nyumba ya yule mama, lakini hayakuwa na uhai wa kumsaidia mtu.

Baadaye nilisoma kwamba Waingereza nao walipitia hali kama hiyo. Mwaka 1942 serikali yao ilifuta mgao wa kawaida wa petroli kwa magari ya binafsi, na magari mengi yakapandishwa juu ya vigogo hadi vita viishe. Mgao wenyewe haukukoma kabisa hadi 1950. Dhiki, basi, haichagui tajiri wala maskini.

Serikali yetu ilipolegeza masharti ya biashara mwaka 1984, bidhaa na vipuri vilianza kuonekana tena madukani. Land Rover yetu ilirudi barabarani. Yale magari mawili yakawa viota vya kuku, na mwishowe mabati yake yakaezekea mabanda. Wenye nayo hawakuwa wavivu. Waliamini tu kwamba kitu kilichofichwa vizuri kimetunzwa.

Magari ya leo hayavumilii zaidi. Saa, king'ora na kompyuta zake hunyonya betri hata gari likiwa limezimwa, na mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 ulipowafungia watu ndani katika nchi nyingi, wengi walirudi kwenye magari yao wakakuta betri zimekufa.

Ndiyo maana sipingi methali ya wazee. Naiongezea neno moja. Akiba haiozi ikiwa ina mtu wa kuiamkia. Kuweka ni kazi ya siku moja, lakini kutunza ni kazi ya kila mwezi, nayo haina shangwe wala mashahidi, mpaka usiku ule mtu atakapogonga mlango.