Kutua Mzigo: Kutoka Wapagazi wa Unyamwezi Hadi Mahakama ya Kazi

Swali dogo, ndugu zangu: ukifukuzwa kazi leo mchana, kesho asubuhi unakwenda kwa nani?

Nimewauliza vijana wenzangu wenye digrii, wengine wanahabari kama mimi. Wengi wananijibu haraka: "Mahakamani." Mahakama ipi? Hapo kimya.

Swali hili lilinijia nikiwa Bukene, wilayani Nzega, mkoa wa Tabora. Bukene ni stesheni kwenye reli ya Tabora kwenda Mwanza, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya reli, katika nchi hii ya Wanyamwezi mizigo ilisafiri mabegani mwa watu. Pembe za ndovu zilikwenda pwani, vitambaa na shanga vikaja bara, na kituo kikuu kilikuwa Kazeh, ambayo leo ni Tabora. Shuleni tulikariri majina ya wenye misafara. Leo tuwazungumzie waliobeba.

Tusidhani kila mpagazi alikuwa mtumwa kwenye mnyororo. Wanyamwezi wengi walioteremka pwani na misafara walikuwa watu huru, waliofanya kazi kwa ujira. Walipatana kwanza: vitambaa kiasi gani, posho kiasi gani. Tajiri akivunja mapatano, au akitaka mwendo usio wa kibinadamu, walitua mizigo. Basi! Tajiri abaki porini na pembe zake. Kutua mzigo ndiyo ilikuwa mahakama yao, na hukumu ilitoka papo hapo.

Ila mahakama hiyo ilikuwa na kasoro moja. Inafanya kazi njiani tu. Safari ikiisha na mzigo ukishafika, utatua nini?

Kasoro hiyo ilionekana katika msafara mmoja maarufu. Juni 1857, Waingereza Richard Burton na John Speke walitoka Unguja kutafuta maziwa makuu. Novemba wakafika Kazeh, na mwaka uliofuata wakafika Ujiji. Julai 1858 Speke akatoka Kazeh kwenda kaskazini, upande huu wa Nzega, akaliona ziwa aliloliita Victoria. Nyuma ya majina hayo mawili kulikuwa na msururu wa watu: mkuu wa msafara Said bin Salim, askari wa Kibalochi, kirangozi, wapagazi, na "wana wa Ramji", yaani watumwa waliokodishwa na Ramji, karani wa forodha ya Unguja.

Machi 1859 wakarudi Unguja. Burton akaondoka zake. Baadhi ya watu wake wakabaki wakisema hawajalipwa haki yao.

Wakaenda kwa konseli mpya wa Uingereza, Christopher Rigby. Julai 1859 Rigby akaandika barua kwa serikali ya Bombay akiwatetea. Hoja yake ilikuwa kwamba konseli aliyemtangulia, Hamerton, ambaye alifariki Julai 1857, aliwaahidi zawadi. Burton akajibu kwamba ahadi hiyo ilikuwa na sharti: watumikie vizuri. Na hawakutumikia vizuri, alisema; walikaidi na kumsumbua njia nzima. Speke, ambaye sasa hawakuwa wakielewana tena na Burton, akawa upande wa Rigby.

Januari 1860 London ikamkaripia Burton: kabla ya kuondoka Unguja, alipaswa kuyafikisha madai yale kwa konseli wa huko. Burton hakukubali kosa. Mwaka huohuo akazichapisha barua za mgogoro huo mwishoni mwa kitabu chake cha safari.

Hebu iangalieni kesi hii kwa jicho la leo. Ina mwajiri, ina wafanyakazi, ina ahadi ya mdomo, ina shahidi aliyekufa, na ina utetezi ambao mpaka leo tunausikia: "Hakuwa mchapakazi huyo." Kilichokosekana ni wafanyakazi wenyewe. Kesi iliamuliwa kwa barua za Waingereza, kati ya Unguja, Bombay na London. Hakuna aliyemwita kirangozi akae kitini aulizwe: wewe unasemaje?

Wakoloni walipoweka sheria, mambo yalizidi kuwa mabaya. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya mabwana na watumishi wenyeji. Mtumishi akitoroka kazi, kosa lake lilikuwa la jinai. Anaweza kutozwa faini au kufungwa. Kile alichokifanya babu yake njiani, kutua mzigo na kuondoka, sasa kikawa kosa la kumpeleka jela. Vijana wengi wa Unyamwezi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge wakiwa manamba, chini ya sheria za namna hiyo.

Uhuru ulipokuja tukapata ulinzi, lakini ulinzi wenye mlango wa serikali. Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964 ilimzuia mwajiri kufukuza ovyo, ikaleta mabaraza ya usuluhishi. Ambaye hakuridhika alikwenda kwa Waziri, na neno la Waziri lilikuwa la mwisho. Aliyefukuzwa papo kwa papo hakuruhusiwa kufungua kesi katika mahakama za kawaida. Mwaka 1967 ikaundwa mahakama ya kudumu ya migogoro ya kazi, lakini hiyo ilishughulikia hasa migogoro ya wafanyakazi kwa ujumla wao. Mfanyakazi mmojammoja aliendelea kusubiri mafaili ya wizara.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2004, zilipotungwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini na Sheria ya Taasisi za Kazi. Hapo ndipo lilipo jibu la swali langu la mwanzo. Kesho asubuhi unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Unajaza fomu. Kwanza mnakaa na msuluhishi, ambaye kwa kawaida ana siku 30 za kuwapatanisha. Ikishindikana, mwamuzi anasikiliza ushahidi na kutoa tuzo. Usiporidhika una wiki 6 za kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie tuzo hiyo. Kutoka hapo ni Mahakama ya Rufani, tena kwa hoja za kisheria tu.

Lakini kwangu mimi jambo kubwa zaidi ni nani anabeba mzigo wa ushahidi. Ukishaonyesha kwamba umeachishwa, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. "Hakuwa mchapakazi" haitoshi. Lete ushahidi! Mkataba wa maandishi haupo? Mwajiri ndiye aliyepaswa kuuandaa, kwa hiyo masharti yakibishaniwa, ni yeye wa kuthibitisha. Na kama ulimfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, sheria inakuhesabu kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo.

Makorespondenti wenzangu, mnaolipwa kwa stori na hamjawahi kuona karatasi ya mkataba, someni tena sentensi hiyo ya mwisho.

Sheria nzuri hii ina mtego lakini. Mgogoro wa kuachishwa kazi lazima ufikishwe CMA ndani ya siku 30. Migogoro mingine ni siku 60. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kuongezewa muda, ukiwa na sababu ya maana. Halafu asiyefikisha miezi 6 kwa mwajiri huyo hana kinga kamili dhidi ya kuachishwa isivyo haki.

Rafiki yangu mmoja aliachishwa kwa simu. Bosi akamwambia, "Tulia kwanza, tutakuita." Akatulia. Aliposhtuka, mwezi wa 2 unakatika. Alikuwa na haki yote, ila siku zilikuwa zimekwisha. Hakufika popote.

Wapagazi wa Burton walikosa kiti cha kukalia mbele ya mwamuzi. Sisi kiti tunacho, na watu wanakiacha kitupu kwa kutojua tu kwamba kipo. Kwa hiyo ukiambiwa "tutakuita", usilale. Anza kuhesabu siku leo.

Tuko pamoja.