Besi ya Robeson na Sindimba ya Newala

Ujanani niliimba besi katika kwaya ya kanisa huko Newala. Pengine ndiyo sababu humrudia mara kwa mara Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye besi nzito, ingawa umaarufu wake haukujengwa kwenye opera. Miaka ya 1930, akiwa London, alijifunza Kiswahili. Alikubali kuigiza katika filamu ya *Sanders of the River* (1935) baada ya kuvutiwa na nyimbo na ngoma zilizorekodiwa Afrika. Miongoni mwa waigizaji wadogo alikuwamo Jomo Kenyatta. Filamu ilipotoka, ilikuwa imegeuzwa kuwa sifa kwa utawala wa Mwingereza, kwa sauti ileile ya Robeson. Baadaye aliikana.

Huyawaza hayo kila nionapo sindimba ikichezwa kwenye mapokezi ya viongozi Masasi. Baada ya Uhuru, ngoma hiyo ya Wamakonde ilichukuliwa na kikundi cha ngoma cha taifa, ikafupishwa ilingane na muda wa jukwaa. Nia haikuwa ile ya wakoloni, hilo nalikubali. Lakini wazee wa Newala, waliokuwa na ngoma hiyo kabla ya taifa, ni nani aliyewauliza kipi kikatwe na kipi kibaki?