Isan: jina lililotoka mbali

Sisi Waswahili pande mbili za dunia tumezipa majina ya pepo: kaskazini kwa kaskazi, kusini kwa kusi. Watawala wa Siam, Thailand ya leo, walipotafuta jina la nyanda zao za kaskazini mashariki, waliazima Kisanskriti: Isan, kutoka Ishana, jina mojawapo la mungu Shiva akiwa mlinzi wa upande huo.

Jina zuri, ila hawakulichagua wenye nchi. Wengi wao ni Walao kwa asili, damu moja na jamaa zao wa ng'ambo ya mto Mekong. Uasi wa Mfalme Anouvong wa Vientiane dhidi ya Siam uliposhindwa, 1827-28, maelfu walihamishwa kwa nguvu kuja upande huu. Mwaka 1893 Ufaransa ikatwaa ng'ambo, mto ukawa mpaka. Bangkok nayo ikaanza kuliondoa neno "Lao" katika majina ya majimbo yake, na Isan likashika nafasi.

Lao yenyewe haikuondoka. Wali wa kunata bado hutolewa kwenye kikapu cha mianzi na kufinyangwa tonge kwa vidole. Khaen, ala ya mianzi ya kupuliza, bado humsindikiza mwimbaji wa mo lam. Na mwezi Mei watu wa Yasothon hurusha roketi angani, wakimwomba mungu Phaya Thaen mvua ya kupandia mpunga.

Linalonigusa zaidi ni kwamba wale waliokwenda Bangkok kutafuta riziki hujiita khon Isan, watu wa Isan, na hulitamka jina hilo kama mtu anayetaja kwao.