Muganga anasimama wapi? Kutoka Baltimore 1960 mpaka CUBE ya Beni

Leo tuongee juu ya mahali muganga anasimama wakati anamugusa mgonjwa.

Mwaka 1960, kule Baltimore, Marekani, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker waliandika kwamba moyo ukisimama, unaweza kuusaidia kwa mikono miwili tu, bila kupasua kifua. Leo kanuni inasema: kwa mtu mzima, sukuma kifua sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Ili ufike pale, piga magoti karibu kabisa, mabega juu ya mikono, viwiko vimenyooka, ili uzito wa mwili ufanye kazi. Ukikaa mbali, misuli ya mikono peke yake ndiyo inasukuma, na unachoka mbio. Ndiyo maana wanabadilishana kila dakika 2. Na mgonjwa akiwa juu ya godoro laini, godoro inakula nguvu yako.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina, halafu ikashika Beni, Butembo na Katwa. Kwa CTE, muganga alijua kazi yake vizuri, lakini aliingia amefungwa kombinezo, miwani na glavu mbili mbili. Joto lilimtoa nje haraka. Mgonjwa alibaki peke yake masaa mengi, familia iko nje ya uzio, haioni kitu. Na kile jicho haioni, mdomo wa mtaa unakijaza.

Ile mwaka 2018, shirika ALIMA lilitumia CUBE kule Beni: chumba cha plastiki inayopitisha mwanga, chenye mikono ya glavu kwenye ukuta. Muganga anasimama nje, anaingiza mikono, anaweka serumu, bila kuvaa mavazi yote. Mama anamuona mtoto wake. Mgonjwa naye anaona sura ya mtu, si miwani tu.

Tusidanganyane, chumba peke yake hakikumaliza shida. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, mwana wa Kameruni, aliuawa Butembo akiwa kazini. Mpaka mwisho, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa 3470, na waliokufa 2287.

Sisi wa agronomia hii somo tunaijua: ukisimama barabarani na kuonyesha mkulima kwa kidole, hautaona wadudu chini ya jani la mihogo. Ujuzi unahitaji nafasi ya kufanyia kazi.

Basi nina pendekezo: mkutano wetu unaokuja tumuite muuguzi mmoja atufundishe kusukuma kifua. Mtu akianguka sokoni Butembo, ambulansi haiko karibu. Wewe ndiwe uko karibu. Umulaze chini pagumu, tuma mtu aite msaada, piga magoti, uanze.