Kobole, Ashuu, Mbao

Historia ya matibabu Kenya unaweza kuisimulia kwa sarafu ndogo tu.

Anza na kobole. Tulirithi kutoka kwa mkoloni ada ya shilingi 5 kwa mgonjwa wa nje katika hospitali za serikali. Mwaka 1965 serikali ya Kenyatta iliifuta. Ilikuwa imeahidi kupigana na ujinga, maradhi na umaskini, na hapa mwananchi aliiona ahadi kwa macho. Gharama ingebebwa na kodi. Mwaka uliofuata NHIF ikaundwa, ila ilianza na watu wa mshahara.

Kufika miaka ya themanini, hazina ilikuwa imekauka. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka ukishauri nchi kama zetu ziwatoze wagonjwa. Desemba 1989 tukaanza "kugawana gharama." Jina tamu, si ndio? Lakini mwenye gari na muuza sukuma wiki walisimama kwenye dirisha moja, wakadaiwa pesa ileile. Kwenye karatasi, maskini angeweza kusamehewa. Dirishani, ilibidi kwanza ajue hivyo, kisha aombe mbele ya foleni nzima.

Katika kliniki kubwa ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, watafiti walihesabu waliokuja. Wanaume walipungua hadi chini ya nusu. Wanawake nao wakapungua. Hawakuwa wamepona. Walibaki nyumbani na ugonjwa, miaka ileile ambayo Ukimwi ulikuwa unasambaa. Septemba 1990 Moi alisimamisha ada ya wagonjwa wa nje, lakini baadaye ada zikarudi kwa awamu.

Mwaka 2004 zikashushwa: ashuu kwenye zahanati, mbao kwenye kituo cha afya. Juni 2013 hizo nazo zikaondolewa, na akina mama wakaambiwa wajifungue bure katika hospitali za umma.

Sasa tuko na SHA, tangu Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Asiye na payslip hukadiriwa mapato, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila anatakiwa kulipa ya mwaka mzima: 3,600. Kwa mtu anayepata 5,000 kwa mwezi, hiyo 300 ni asilimia 6. Yaani mwenye kidogo anatoa sehemu kubwa zaidi.

Hakuna anayesema matibabu hayana gharama. Dawa hununuliwa, muuguzi hulipwa. Swali ni tunamwomba mtu pesa lini: akiwa mzima, kulingana na anachopata, ama akiwa mgonjwa, dirishani? Tumejibu vibaya mara kadhaa, na kila mara sarafu ilionekana ndogo kwa aliyeipanga.

Waliobaki nyumbani 1990 tunawajua kwa sababu kuna mtu aliwahesabu. Wa leo nani anawahesabu?